Vyama vya Undugu na Mgonjwa Aliye Hai: Habari za Watu Weusi wa Marekani

Kila mwaka kitabu hiki huwa na orodha tatu: ya wanachama, ya fedha, na ya marehemu. Safari hii Kamati imenipa ruhusa, mimi karani wenu, niongeze kurasa chache za historia kabla ya hesabu. Sababu yake ni jambo lililotukia kati yetu. Wengi mnalijua, wala sitamtaja mtu kwa jina.

Mwenzetu mmoja alipatwa na maradhi yaliyohitaji kupasuliwa. Alikuja mbele ya Kamati kuomba mkopo. Tulifungua katiba, tukaisoma kifungu kwa kifungu, na tukamjibu kwa adabu kwamba Mfuko wetu ni wa mazishi. Baada ya miezi minne akafariki. Hapo ndipo Mfuko ulipofunguliwa: jeneza, sanda, chakula cha matanga, na basi la kuwachukua waombolezaji mpaka kijijini kwao. Mimi ndimi niliyeziandika risiti. Nilipojumlisha niliona ya kuwa basi peke yake lilitugharimu fedha nyingi kuliko mkopo aliouomba yule ndugu alipokuwa hai. Hatukuvunja sheria hata moja.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za watu wengine waliojiunga katika vyama vya undugu, nipate kujua kama wao pia waliwazika watu wao vizuri kuliko walivyowauguza. Nimesoma hasa habari za ndugu zetu weusi wa Marekani, kwa kuwa wao walianza wakiwa hawana kitu kabisa. Hawakuwa na serikali iliyowajali, wala hospitali iliyowapokea kwa heshima, na wengi wao jana yake walikuwa bado ni mali ya mtu mwingine.

Vyama hivyo Waingereza huviita loji. Loji ni kundi la ndugu walioapa kusaidiana, wenye ada, vyeo, mavazi yao ya mikutano na alama za kujuana. Msomaji asidhani kwamba desturi hiyo ni ngeni kwetu. Ngoma ya beni, iliyochipuka Mombasa katika miaka ya 1890 ikaenea bara mpaka maziwa makuu, nayo ilikuwa na vyeo vya kifalme na vya kijeshi, sare, bendi na mashindano ya fahari. Wazungu wengi waliona ngoma tu, na wengine waliona uasi. Walakini chini ya tarumbeta na ngoma palikuwa na watu waliouguzana, waliozikana na waliomlisha mgeni aliyefika mjini bila jamaa.

Huko Boston aliishi mtu mweusi huru aitwaye Prince Hall, fundi wa ngozi. Tarehe 6 Machi 1775 yeye na wenzake 14 waliingizwa katika Ufrimasoni na loji ya askari wa jeshi la Waingereza, maana loji za Wazungu wa mji ule hazikuwataka. Vita vya uhuru wa Marekani vilipokwisha waliandika London kuomba hati yao wenyewe. Hati ilitolewa mwaka wa 1784, lakini haikufika Boston mpaka 1787, na loji yao ikaitwa African Lodge namba 459. Miaka mitatu kungoja karatasi! Mtu aliyewahi kungoja cheti cha usajili wa chama hatashangaa sana.

Walifanya nini na karatasi hiyo? Mwezi wa Februari 1788 watu weusi watatu walio huru walidanganywa wapande meli katika bandari ya Boston, wakachukuliwa visiwa vya Karibi kuuzwa. Prince Hall na wenzake wa loji wakapeleka malalamiko kwa Baraza la Massachusetts. Mwezi uliofuata Baraza likapitisha sheria ya kukataza biashara ya watumwa katika jimbo hilo, na kabla ya mwaka kwisha wale watatu walirudishwa kwao. Nao hawakuacha kudai shule kwa watoto wao, ambao wazazi wao walilipa kodi kama watu wengine. Kwa kuwa serikali haikuwajibu, mwaka wa 1798 shule ilifunguliwa katika nyumba ya Primus Hall. Naomba wanachama waangalie jambo moja hapa. Wale watatu waliorudishwa waliombewa kwa kuwa ni majirani walioibwa, na ile sheria ilimlinda kila mtu mweusi wa jimbo, awe ameingia loji au hakuingia.

Sasa twende Philadelphia, kwa maana huko ndiko nilikokuta habari iliyonizuia nisilale.

Tarehe 12 Aprili 1787 Absalom Jones na Richard Allen, wote wawili watu waliozaliwa utumwani kisha wakapata uhuru wao, walianzisha Free African Society, yaani Chama Huru cha Waafrika. Katiba yao ni fupi kuliko yetu. Kila mwanachama alitoa shilingi moja ya fedha kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja, mwanachama aliyepatwa na shida alipewa shilingi 3 na pensi 9 kwa juma, ila iwe shida hiyo hakujiletea mwenyewe kwa upuzi wake. Mlevi hakuingia. Mwenye kuchelewesha ada miezi mitatu alionywa, na akizidi kushupaa alitolewa. Mjane wa mwanachama alisaidiwa, na watoto wake walilipiwa shule kama hawakupata shule ya bure, au walitafutiwa fundi wa kuwafundisha kazi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza fedha zao zilikuwa za walio hai.

Kuna kifungu kimoja kilichonichekesha. Kilisema kwamba karani na mtunza fedha sharti awe mmoja wa Marafiki, wale wanaoitwa Quakers, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi kwetu mwaka wa 1902. Labda walitaka fedha zikae mikononi mwa mtu asiye na jamaa ndani ya chama. Mimi, ambaye katika chama changu cha kwanza cha kazini nilimwona mtunza fedha akihama nyumba usiku pamoja na daftari, siwezi kuwalaumu.

Ilipokuwa mwezi wa Agosti 1793 homa ya manjano iliingia Philadelphia, mji uliokuwa makao makuu ya Marekani wakati ule. Kabla ya baridi kuikomesha mwezi wa Novemba, watu wapata 5,000 walikuwa wamekufa. Wenye uwezo walikimbia. Rais Washington mwenyewe aliondoka. Mume alimwacha mke, na maiti zilikaa ndani ya nyumba bila mtu wa kuzitoa. Hakuna aliyejua kwamba ugonjwa huletwa na mbu; hilo lilithibitishwa mwaka wa 1900. Daktari Benjamin Rush, mtu maarufu sana, aliamini kwamba watu weusi hawashikwi na homa ile, akawaomba Jones na Allen watu wao wasaidie kuuguza. Daktari alikosea. Watu weusi waliugua na kufa kama wengine, na Allen mwenyewe alilala kitandani karibu na kufa.

Hata hivyo walikwenda. Waliingia nyumba za Wazungu waliokuwa hawataki kukaa nao benchi moja kanisani, wakawanywesha maji wagonjwa, wakawaosha, wakawatoa maiti na kuwazika. Daktari Rush aliwafundisha kuumika damu, kama ilivyokuwa desturi ya utabibu wa siku zile, nao wakawaumika watu zaidi ya 800. Leo twajua kwamba kutoa damu kulimdhoofisha mgonjwa. Lakini hawakuwa na elimu nyingine ya kuifuata, na walibaki pale ambapo wenye elimu wengi hawakubaki.

Homa ilipokwisha, mpiga chapa mmoja aitwaye Mathew Carey, ambaye aliondoka mjini kwa muda wakati wa tauni, alitoa kitabu akisema kwamba baadhi ya wauguzi weusi walitoza bei za kupindukia na kuiba katika nyumba za wagonjwa. Kitabu kiliuzwa sana. Jones na Allen wangeweza kujibu kwa hasira, na kwa kweli hasira imo ndani ya maneno yao. Lakini jambo lililo kubwa katika kijitabu walichokichapa mwaka wa 1794 ni ukurasa wa hesabu. Mapato: paundi 233, shilingi 10 na pensi 4. Matumizi: majeneza ambayo hawakulipwa, paundi 33, mishahara ya watu watano waliokodiwa kwa kazi ya maiti, watatu siku 70 kila mmoja na wawili siku 63, kwa shilingi 22 na pensi 6 kwa siku, paundi 378. Jumla paundi 411. Basi walipungukiwa na paundi 177, shilingi 9 na pensi 8, zilizotoka mifukoni mwao.

Nilizijumlisha tena hesabu hizo mimi mwenyewe, siku 336 kwa kiwango kile, na zinakubaliana mpaka pensi ya mwisho. Sijui kama karani anaweza kueleza kwa mtu asiye karani ilivyo furaha kukuta hesabu ya miaka zaidi ya 200 ambayo inasimama bado. Meya wa mji, Matthew Clarkson, aliwapa barua ya kushuhudia uaminifu wao, nao wakaichapa pamoja na hesabu. Mwaka wa 1797 loji ya Prince Hall ilianzishwa Philadelphia, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Absalom Jones.

Wako watu katika nchi yetu ambao wakisikia neno Frimasoni hufikiri mambo ya giza, na siri za loji zimelisha uvumi huo sana. Mimi si Frimasoni wala sina haja ya kuwatetea. Nasema tu kwamba watu wale waliweka siri salamu zao na viapo vyao, lakini walipolaumiwa juu ya fedha waliziweka hadharani zisomwe na adui. Kuna vyama ninavyovijua vilivyofanya kinyume: salamu zao husikika mtaa mzima, na daftari halionekani.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka wa 1865 vyama hivi viliongezeka mno. Sitavitaja vyote. Mwaka wa 1867 mwanamke aitwaye Mary Prout alianzisha huko Baltimore kile kilichokuja kuwa Independent Order of St. Luke, cha kusaidiana wakati wa ugonjwa na kifo. Mwaka wa 1899 uandishi mkuu wa chama hicho ulipewa Maggie Lena Walker wa Richmond, binti wa mfua nguo, aliyekuwa akibeba vikapu vya nguo za Wazungu utotoni. Hazina aliyoikuta ilikuwa dola 31 na senti 61. Yeye aliona kwamba senti za wafua nguo na wapishi, zikikaa katika benki ya watu wengine, huwakopesha watu wengine. Kwa hiyo mwaka wa 1903 chama kilifungua benki yake, St. Luke Penny Savings Bank, na kwa mikopo yake watu weusi wengi wa Richmond walipata nyumba zao wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, husemwa. Bibi Walker alikijenga kibaba kwanza, kisha akawaita watu waje na haba zao. Katika miaka ya 1920 wanachama walifika karibu 100,000. Duka kubwa alilofungua mwaka wa 1905 halikuendelea, likafungwa baada ya miaka michache, naye hakulificha hilo.

Katika mji ule ule wa Richmond palikuwa na chama kikubwa zaidi, True Reformers, chenye benki tangu miaka ya 1880. Mwaka wa 1910 benki hiyo ilianguka, kwa mikopo iliyotolewa bila dhamana ya kutosha kwa shughuli za chama chenyewe, na kwa wizi wa ndani. Maelfu ya watu maskini walipoteza akiba yao. Bibi Walker aliona jambo hilo kwa macho yake, na benki yake ilikaguliwa kwa ukali. Mwaka wa 1930 iliungana na nyingine ikaendelea kuishi. Miji ni mmoja, watu ni wale wale, na tofauti ilikuwa katika daftari.

Nimeiweka mwisho habari iliyo karibu zaidi na shida yetu. Katika jimbo la Mississippi kuna mji mdogo uitwao Mound Bayou, uliojengwa na watu waliotoka utumwani mwaka wa 1887. Huko kilikuwako chama cha Knights and Daughters of Tabor, wanachama wake wengi wakiwa wakulima wa pamba waliolima mashamba ya watu kwa mgao wa mavuno. Nao, kama sisi, walikuwa na mfuko wa mazishi, na walikuwa hodari wa kuzikana kwa maandamano na sare. Katika hospitali nyingi za jimbo hilo mtu mweusi aliingia kwa mlango wa nyuma, akalazwa chumba cha chini, ikiwa alilazwa. Mwaka wa 1938 mkuu wa chama katika jimbo, Perry Smith, alianza kuwachangisha kwa ajili ya hospitali yao wenyewe. Fikirini jambo hilo: watu ambao deni la duka la tajiri halikwisha mwaka hata mwaka, waambiwe wajenge hospitali.

Ilifunguliwa mwezi wa Februari 1942, ikiwa na vitanda 42, vyumba vya kupasulia na mashine ya eksirei. Iligharimu zaidi ya dola 100,000. Daktari mkuu wa upasuaji alikuwa T. R. M. Howard, na wafanyakazi wote walikuwa weusi, tangu daktari mpaka mfagizi, nao waliingia na wagonjwa wao kwa mlango wa mbele. Katika miaka ya mwanzo mtu mzima alilipa dola 8 na senti 40 kwa mwaka, na kwa ada hiyo alikuwa na haki ya kulazwa siku 31, pamoja na kupasuliwa kama ilihitajika. Haki ya mazishi haikuondolewa. Ilibaki katika ada hiyo hiyo. Basi hawakuchagua kati ya jeneza na kitanda. Walipanga ada, wakaigawa. Na asiye mwanachama aliweza kutibiwa pia kwa kulipa. Baada ya miaka michache chama kilikuwa na wanachama karibu 50,000.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi. Daktari Howard na wakuu wa chama waligombana, naye mwaka wa 1947 akatoka na kuanzisha chama kingine chenye zahanati yake, na nguvu zikagawanyika. Hata hivyo, kwa kuwa riziki yake ilitoka kwa ada za wakulima weusi wala haikutoka kwa tajiri yeyote mweupe, Howard alipata ujasiri wa kusema. Mwaka wa 1955, mtoto Emmett Till alipouawa katika jimbo hilo, nyumba ya Howard huko Mound Bayou ilimhifadhi mama wa marehemu na mashahidi wakati wa kesi. Hospitali yenyewe iliponyimwa fedha za kutosha na kupambana na masharti mapya ya serikali, mwaka wa 1967 ilitoka mikononi mwa chama ikaendeshwa kwa fedha za serikali ya Marekani, na mwaka wa 1983 ikafungwa. Wakati huo hospitali nyingine zilikuwa zimelazimishwa na sheria kuwapokea watu weusi. Ilidumu miaka 41, na waliozaliwa ndani yake ni wengi.

Vyama vyetu vya Kenya vina historia yao, na ingehitaji kitabu kizima. Vile vya Nairobi na Mombasa vya siku za ukoloni vilimpokea kijana aliyetoka shamba, vilimtafutia kitanda, na vilimrudisha kwao alipokufa, kwa sababu mji haukumjengea makao wala makaburi ya heshima. Hapo ndipo mazishi yalipokuwa kazi ya kwanza ya chama, na kwa haki. Mwaka wa 1980 vyama vikubwa vya kikabila viliambiwa vijivunje, na kilichobaki ni vikundi vidogo kama chetu, vilivyorithi daftari la mazishi bila kuuliza limeanzaje.

Najua jibu watakalonipa wengine. Watasema sasa kuna bima ya serikali, iliyoanza na NHIF mwaka wa 1966 na ambayo tangu Oktoba 2024 imekuwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Ni kweli, na kila mwanachama ambaye hajajiandikisha na ajiandikishe. Lakini yule ndugu yetu alikuwa na kadi. Alichokosa ni fedha za vipimo ambavyo kadi haikuvilipia, nauli ya kwenda na kurudi, na kodi ya nyumba kwa miezi ambayo hakuweza kufanya kazi. Wengine watasema tukianza kuwapa wagonjwa, kila mtu ataugua. Wale wa Philadelphia walikwisha kulijibu hilo mwaka wa 1787 kwa kifungu kimoja: mwaka mzima wa ada kwanza, na shida isiwe ya kujiletea mwenyewe. Wala si aibu kwa kamati kwenda kumtazama mgonjwa. Ni aibu kwenda mara ya kwanza akiwa amefunikwa.

Swali lililo gumu kwangu ni la jirani asiye mwanachama. Mjane anayeuza mboga mbele ya lango letu hajawahi kulipa ada, na mwanawe ameacha shule. Sidhani kwamba Mfuko waweza kuwabeba wote wa namna hiyo, na karani anayeahidi asichoweza kulipa ni mwizi wa aina nyingine. Lakini pesa zinazobaki katika karamu ya kila mwaka, ambazo mpaka sasa huliwa siku ile ile, hazina mwenyewe katika katiba.

Pendekezo lililoandikwa na wanachama saba liko mbele ya Mkutano Mkuu: theluthi moja ya ada za mwaka iwekwe katika Mfuko wa Wagonjwa, na masalio ya karamu yawe ya karo za watoto wa mtaa. Kamati haijakubaliana juu yake. Mwenyekiti analipinga, naye ana sababu zake, ambazo atazisema mwenyewe. Hesabu za miaka mitano iliyopita zimechapwa katika kurasa zinazofuata, mazishi kwa mazishi, pamoja na basi lile. Mwenye kuona kosa katika jumla na anijulishe kabla ya siku ya mkutano, nami nitaleta risiti.